Mjakaranda au mkrismasi: pima uwanja kabla ya kuchagua ua

Ukiingia kitaluni mara ya kwanza ukakuta miche ya mjakaranda na ya mkrismasi imepangwa bega kwa bega, huenda ukadhani ni mti mmoja. Yote ina majani laini kama unyoya, yaliyogawanyika mara mbili. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilivichanganya viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, nikapanda mkrismasi mita tano tu kutoka ukuta wa nyumba, mahali palipokusudiwa mjakaranda. Kosa halikuonekana upesi. Lilionekana miaka kadhaa baadaye, mizizi ilipoanza kunyanyua vigae vya njia, na mti mzuri, wenye afya, ukalazimika kung'olewa. Sijasahau siku ile, ndiyo maana naanza na namna ya kuitambua.

Shika mche, utazame jani linapochomoza kwenye shina. Kwenye mjakaranda majani hutoka mawili mawili, yakielekeana. Kwenye mkrismasi hupishana, moja huku na jingine juu kidogo upande wa pili. Kisha sogeza macho kwenye vijani vidogo vidogo: vya mjakaranda vimechongoka nchani, vya mkrismasi ni butu. Na pale kikonyo cha jani changa la mkrismasi kinapoungana na shina utaona vitu viwili vidogo kama vinyoya, vimekaa huku na huku. Mjakaranda hauna hivyo. Ukizoea, unatambua hata bila kuinama.

Majina nayo yanapoteza watu. Mkrismasi ninaousema hapa ni Delonix regia, wa maua mekundu. Wapo wanaouita mjohoro, na wapo ambao mjohoro kwao ni mti mwingine kabisa, wa maua ya njano. Mjakaranda ni Jacaranda mimosifolia, wa maua ya zambarau inayokaribia bluu. Unapoagiza miche kwa mtu usiyemjua, andika jina la kisayansi, msije mkaelewana vibaya.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulifikiria mwisho na linapaswa kuwa la kwanza, yaani nafasi. Watu huchagua miti hii kwa rangi ya ua. Ua linakaa wiki chache kwa mwaka, lakini mwavuli na mizizi vinakaa hapo siku zote. Mkrismasi hupanuka kuliko unavyorefuka. Mti wenye urefu wa mita 10 unaweza kuwa na mwavuli unaozidi mita 12, umetandazwa kama mkeka. Mizizi yake hupita karibu na uso wa ardhi, na mti ukikomaa hutunisha mbavu nene chini ya shina. Sakafu, mifereji, bomba la maji, vyote vikiwa karibu vitaumia. Kivuli chake pamoja na mizizi hiyo hufanya nyasi zidhoofike, hata mara nyingi chini yake hubaki udongo mtupu. Mimi siupandi chini ya mita 10 kutoka kwenye jengo lolote, hata mwenye bustani akinisihi vipi.

Mjakaranda huenda juu zaidi, mita 15 na kuendelea, lakini mwavuli wake ni mwepesi na mwanga hupenya. Nyasi huishi chini yake, na hata maua ya kivuli chepesi hukubali. Mizizi yake pia ina nguvu, usidanganyike, ila kwa umbali wa mita sita au saba kutoka ukutani sijapata shida nao. Kwa hiyo bustani ikiwa ndogo au ya wastani, nashauri mjakaranda. Mkrismasi uupande kwenye uwanja mpana ulio wazi, ambako mtu anaweza kuutazama kwa mbali ukiwa umewaka mwekundu wote. Ukiubana kwenye kona unaudhulumu.

Kuna pia hali ya hewa. Mkrismasi kwao ni Madagaska na hauvumilii jalidi, yaani baridi inayogandisha umande, hata kidogo. Mjakaranda umetoka Amerika ya Kusini, pande za Argentina na Bolivia, na ukishakomaa hustahimili jalidi nyepesi ya usiku mmoja mmoja, ingawa mche mchanga huungua. Karibu na bahari mambo hugeuka: mkrismasi huvumilia chumvi vizuri zaidi. Na kabla ya kupanda mjakaranda, uliza sheria za mahali ulipo. Mbegu zake zina mabawa na upepo huzipeleka mbali. Nchini Afrika Kusini, ambako jiji la Pretoria limepata sifa kwa mijakaranda yake, mti huu umo kwenye orodha ya mimea vamizi.

Kuhusu usafi, yote miwili inaangusha vitu. Maua ya mjakaranda hudondoka mengi sana, huteleza yakilowa, na nyuki huyafuata hadi chini, kwa hiyo usiupande juu ya ngazi, bwawa au mahali watoto wanakocheza pekupeku. Mkrismasi huangusha maganda magumu ya mbegu yanayoweza kufika sentimita 60. Hayo yanaokotwa tu.

Kuotesha ni rahisi ukijua tofauti moja. Mbegu ya mkrismasi ina ganda gumu lisiloruhusu maji kuingia. Ukiifukia hivyo hivyo inaweza kukaa miezi mingi bila dalili yoyote. Mimi huisugua kwa msasa upande ulio mbali na kitovu chake, mpaka nione rangi imebadilika mahali padogo, kisha naiacha ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi ile iliyokubali maji imevimba karibu mara mbili, na ile iliyobaki vilevile narudi kuisugua. Iliyovimba huota kwa takribani wiki moja. Mbegu ya mjakaranda ni nyembamba kama karatasi na haihitaji msasa. Iloweke siku moja, itandaze juu ya udongo laini, ifunike kidogo sana, utaona miche baada ya wiki mbili au tatu.

Usiuache mche kwenye kiriba mpaka mizizi ianze kuzunguka. Ukikuta imezunguka, ikate kwa kisu au uinyooshe kabla ya kupanda, maana mzizi uliojizungusha utaendelea hivyo na siku moja utalinyonga shina. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya kiriba, kina kisizidi kimo cha udongo wa kiriba. Kosa la wageni wengi ni kuzika shina. Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi panatakiwa paonekane juu ya ardhi. Weka matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, lakini yasiguse shina.

Kupogoa ndiko kunakotofautisha mti wa fundi na mti uliojiotea. Mkrismasi hupenda kugawanyika chini, mapema, na kutoa panda (mahali matawi mawili yanapoachana) zilizobanana. Mbao zake ni dhaifu. Panda ya namna hiyo huja kupasuka siku ya upepo mkali, tawi zima likashuka. Miaka ya mwanzo chagua shina moja liongoze mpaka mita mbili na nusu au tatu, na kila tawi linaloshindana nalo lifupishe. Angalia tawi lisizidi nusu ya unene wa shina. Mjakaranda nao uongoze kwa shina moja, ila ukishashika umbo, uache. Ukiukata vichwa, pale ulipokata huchipua fimbo nyingi zilizosimama wima, na umbo lake la asili halirudi. Nimeona mijakaranda mikubwa iliyoharibiwa hivyo kwa asubuhi moja tu ya panga, na inauma kuitazama.

Halafu subira. Ukipanda kwa mbegu, mkrismasi unaweza kuchanua baada ya miaka mitano au zaidi, na mjakaranda mara nyingi huchukua saba, hata zaidi ya kumi. Waambie mapema wenye bustani. Asiyeweza kusubiri atafute mche wa mjakaranda uliounganishwa, yaani uliopandikizwa kikonyo cha mti uliokwisha kuchanua, huo huwahi.

Miaka miwili ya kwanza mwagilia kwa kina, mara chache kwa wiki, maji yashuke chini badala ya kulowesha uso tu. Baadaye punguza. Miti hii yote imezoea kiangazi, na kipindi kikavu kabla ya msimu wake huisaidia kuchanua. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani kwa wingi na maua machache. Mjakaranda mkubwa ukikataa kuchanua na mwenyewe akakuita akiuliza mti unaumwa nini, kabla hujagusa mkasi muulize nyasi zilizo chini yake zinamwagiliwa mara ngapi na zinatiwa mbolea gani.