Maswali ya Wasomaji: Mzee wa Ireland aliyefika Chunya

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni msomaji wenu wa Mwanjelwa, Mbeya. Baba yake bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzungu kutoka Ireland, ambaye kwetu anajulikana kwa jina la Bwana Galaha tu. Inasemekana alikuja kutafuta dhahabu Chunya kabla ya Vita Kuu ya Pili, akaishi na mama yake bibi, ambaye alikuwa Mkimbu, wakajaliwa mtoto mmoja. Vita ilipoanza aliondoka, na hakuonekana tena. Bibi ameshafariki. Tumebaki na cheti chake cha ubatizo kutoka misheni ya Wakatoliki, picha moja ya huyo mzee, na medali ya fedha yenye mtu aliyepanda farasi. Nimetafuta jina la Gallagher, ambalo nadhani ndilo Galaha, kwenye intaneti nikakuta maelfu ya watu. Nianzie wapi? Na je, sisi wajukuu na vitukuu tuna haki ya uraia wa Ireland?

JIBU: Marahaba, ndugu yetu. Umetaja vitu vitatu mlivyo navyo nyumbani, na kimoja kina uzito kuliko unavyodhani. Kabla hujarudi kwenye intaneti, chukua ile medali, isogeze mwangani, uigeuze polepole ukiangalia ukingo wake, yaani ule unene wa pembeni. Medali ya fedha yenye mpanda farasi upande mmoja na kichwa cha Mfalme George wa Tano upande wa pili ni medali ya Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, na ukingoni mwake hugongwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake. Herufi zake ni ndogo sana na huenda zimefifia. Tafadhali usiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arisha vyombo, maana unaweza kufuta ndani ya dakika moja kitu kilichodumu miaka mia moja. Ipige picha kwa simu huku mtu mwingine akimulika tochi kutokea ubavuni, kisha ikuze picha hiyo usome herufi moja baada ya nyingine.

Namba hiyo ndiyo itakayomtenga mzee wenu na akina Gallagher wengine wote. Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizopo Kew jijini London, zina kadi za askari waliotunukiwa medali za vita hiyo, na kadi hizo hutafutwa kwenye mtandao kwa jina na namba. Kikosi nacho kina habari yake. Ukisoma kifupi cha Royal Inniskilling Fusiliers, kwa mfano, utakuwa umepata kikosi kilichoandikisha vijana wengi kutoka kaskazini-magharibi ya Ireland, na jina la Gallagher limejaa zaidi katika kaunti ya Donegal, huko huko kaskazini-magharibi. Jalada lake la utumishi, ambalo lingeonyesha mahali alipozaliwa na ndugu yake wa karibu, linaweza kuwepo au lisiwepo, kwa sababu zaidi ya nusu ya majalada ya askari wa kawaida wa vita hiyo yaliteketea London iliposhambuliwa kwa mabomu mwezi Septemba 1940. Ombeni litafutwe hata hivyo. Na kama jina lililo ukingoni halifanani hata kidogo na Gallagher, likubalini hilo pia, kwani medali huuzwa, huazimwa na hurithiwa.

Sasa cheti cha ubatizo. Cheti mlicho nacho ni nakala fupi iliyotolewa kutoka kwenye kitabu, na kitabu chenyewe mara nyingi husema mengi zaidi. Nenda kwa paroko wa parokia hiyo, au kama parokia imegawanywa tangu wakati huo, uliza katika ofisi ya Jimbo Kuu la Mbeya kilipo kitabu cha zamani, kisha uombe kwa heshima usomewe mstari mzima wa ubatizo wa bibi: tarehe ya kuzaliwa, mahali, wazazi, msimamizi wa ubatizo, na maneno yoyote yaliyoandikwa pembeni. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo James husomeka Jacobus, na William husomeka Gulielmus. Ni vizuri mjiandae na jambo moja linaloweza kuumiza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 haikuruhusu jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa liandikwe, isipokuwa baba mwenyewe ameomba kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili, au ubaba wake umethibitishwa na hati halali. Mkikuta imeandikwa kwamba baba hajulikani, hiyo si hukumu juu ya mama yake bibi, wala si ushahidi kwamba simulizi yenu ni ya uongo. Mkikuta jina la baba limeandikwa, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba alisimama mwenyewe akamkiri mtoto wake, na hilo ni jambo la kujua kuhusu mtu ambaye familia inamkumbuka kwa kuondoka tu.

Wakati huo huo, nendeni Chunya mkazungumze na wazee, na msingoje likizo ya mwisho wa mwaka. Dhahabu ya Lupa, yaani machimbo ya huko Chunya, iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 eneo lile lilijaa watafutaji kutoka pande nyingi za dunia, baadhi yao wakiwa wamepitia Afrika Kusini na Rhodesia kabla ya kufika. Ulizeni alichimba kwenye kijito gani, alikuwa peke yake au na mwenzake, aliajiri watu wa kijiji gani, alisali wapi, na aliondoka kwa njia ya Mbeya au ya Tunduma. Habari za mama yake bibi nazo ziulizwe kwa uzito ule ule: jina la baba yake, kijiji chake, ndugu zake. Yeye hana kadi Kew wala sensa Dublin, na anayemkumbuka leo huenda asiwepo mwakani.

Majibu ya wazee yatawasaidia mtakapofika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Huko hutafuti jina la mtu kama unavyotafuta kwenye simu, bali unatafuta faili la ofisi, halafu unasoma ndani yake. Ombeni mafaili ya wilaya za Mbeya na Chunya na ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, vitabu vya wilaya, pamoja na yanayohusu madini ya Lupa. Someni pia Gazeti la Serikali la Tanganyika la miaka hiyo, ambalo lilitangaza mirathi ya watu waliofariki. Iwapo mzee huyo alifia nchini, kifo cha Mzungu kilitakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya vizazi na vifo ya mwaka 1920, na mali yake huenda ilipita mikononi mwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye kazi zake leo ziko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Na kama alirudi jeshini akafa katika Vita Kuu ya Pili, jina lake litakuwa katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotafutwa bure. Ireland haikuingia katika vita hiyo, lakini maelfu ya raia wake walijiunga na jeshi la Uingereza.

Kwa safari ya kuja, Kew wanatunza orodha za abiria waliopanda meli katika bandari za Uingereza kwenda nje ya Ulaya kati ya mwaka 1890 na 1960, zikiwa na umri, kazi, na nchi ambayo abiria alikusudia kuishi. Mtu aliyekuja Lupa kwa barabara kutoka kusini hamtamkuta akishuka Dar es Salaam, lakini mnaweza kumkuta miaka kadhaa nyuma akielekea Cape Town.

Mkishapata jina kamili, umri na walau kaunti, ndipo muingie Ireland, na siyo kabla. Sensa za mwaka 1901 na 1911 zimehifadhiwa zote, na Nyaraka za Taifa za Ireland zimeziweka kwenye mtandao bila malipo. Fomu ya 1911 inaonyesha kila aliyelala nyumbani usiku wa tarehe 2 Aprili, dini yake, kazi yake, kama anajua kusoma, na kwa mama aliye kwenye ndoa, miaka ya ndoa yake, watoto aliowazaa hai na wangapi wangali hai. Msiamini umri moja kwa moja: wapo watu wazima walioongezeka miaka kumi na mitano kati ya sensa hizo mbili, na pensheni ya uzeeni iliyoanza kulipwa Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70 inaaminika kuwa sababu mojawapo. Kumbukumbu za serikali za vizazi, ndoa na vifo vya watu wote zilianza mwaka 1864, na tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie inaonyesha bure picha za vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75 na vifo vilivyopita miaka 50. Jina litafuteni kwa kila tahajia, ikiwemo Gallaher na Gallogher, na likiwa na O mbele yake.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni ya mwisho. Tangu mwaka 1908, padri Mkatoliki anayefungisha ndoa hutakiwa kutuma taarifa kwenye parokia walikobatizwa wanandoa, nayo huandikwa pembeni mwa jina kwenye kitabu cha ubatizo. Mkiijua parokia yake ya Ireland, mwandikieni paroko wa huko aangalie pembeni mwa jina la mzee. Kama baada ya kuondoka Chunya alioa kanisani, iwe Durban, Liverpool au Sydney, huenda mahali na tarehe vimeandikwa pale pale alipobatizwa akiwa mtoto mchanga, na swali lenu la miaka themanini litakuwa limepata jibu.

Kuhusu uraia: sheria ya Ireland inamruhusu mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa katika kisiwa cha Ireland kujisajili katika daftari la waliozaliwa nje. Kwa hiyo mama yako anaweza kuomba, mradi awe na hati zinazounganisha kila kizazi. Wewe, ukiwa kitukuu, ungehitaji mama awe amesajiliwa kabla hujazaliwa. Mama asichukue hatua hiyo kabla ya kuzungumza na Idara ya Uhamiaji, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia hapa Iringa. Nimesoma kwamba kumbukumbu za Ireland ziliungua zote mwaka 1922. Mtu anatafuta nini tena?

JIBU: Mwalimu, jengo la kumbukumbu za umma lililokuwa Four Courts, Dublin, liliungua kweli tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita ya wenyewe kwa wenyewe, na hasara yake haielezeki: sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851, wosia, na vitabu vingi vya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana. Lakini sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa mapema na serikali yenyewe, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa ziwe karatasi upya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo moto unalaumiwa kwa zaidi ya uliyoyafanya. Vitabu vya parokia za Kikatoliki havikuwemo humo kwa sababu vilikaa parokiani, na tangu Julai 2015 Maktaba ya Taifa ya Ireland imeweka picha zake bure kwenye mtandao, nyingi zikiishia karibu mwaka 1880. Kwa mtu aliyezaliwa miaka ya 1890, kama anayetafutwa na ndugu yetu wa Mbeya, moto ule haukugusa karibu chochote anachokihitaji.

SWALI: Nipo Makambako. Je, kipimo cha vinasaba hakiwezi kumaliza kazi yote hii?

JIBU: Hakiwezi kuimaliza, ila kinaweza kuithibitisha. Kitukuu hubeba kwa wastani asilimia 12.5 ya vinasaba vya babu wa aina hiyo, na binamu waliotokana na babu huyo mmoja kwa wanawake wawili tofauti, wote wakiwa vitukuu, hushiriki wastani wa asilimia 1.6 hivi. Kwa hiyo apimwe mwenye kizazi cha juu zaidi aliye hai. Kipimo kitataja ndugu walio kwenye hifadhi ya kampuni iliyopima tu, na bila karatasi hutajua mnaungana wapi. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Uliza kwanza ofisini kwake kabla ya kutuma sampuli nje ya nchi.