Re: Mhusika wangu mkuu ana historia nzito, mbona wasomaji wanasema ni bapa?

Mkuu, umesema shujaa wako ni yatima, ana kovu shavuni, anaogopa giza, na bado waliosoma mswada wanamwona bapa, yaani wa upande mmoja, asiye na kina. Nawaamini. Yote uliyoyataja ni mambo yaliyompata. Anachokitaka hatujakiona.

Mimi nikianza hadithi huwa simjazi mtu sifa. Natafuta vitu viwili anavyovitaka kwa nguvu ileile, ambavyo akipata kimoja atakosa kingine. Katika riwaya ninayoiandika sasa yupo dada aliyewalea wadogo zake baada ya wazazi kufariki. Anataka wafanikiwe, hilo halina shaka. Anataka pia waendelee kumtegemea, na hili hathubutu kulitamka hata akiwa peke yake. Ikaja barua ya kumwita mdogo wake kwenye usaili wa kazi ya mbali. Dada ndiye aliyeipokea. Akaisoma, akaisukumiza chini ya godoro. Kesho yake barua ikiwa palepale, akalitoa shati jeupe la mdogo wake akalipiga pasi, kola akairudia mara mbili. Sikuandika popote kwamba ana mgogoro wa nafsi.

E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, kwenye mihadhara yake ya Cambridge mwaka 1927, alipotenganisha wahusika bapa na wahusika duara (wale wenye pande nyingi kama watu halisi), aliweka kipimo hiki: je, mhusika anaweza kutushangaza na bado tukamwamini? Wengi wetu hushika hiyo nusu ya kwanza tu. Mtu mpole kutwa kucha, sura ya kumi anaua, mwandishi anasema huo ndio utata! Huyu dada akija kuichoma barua, msomaji atashtuka, ila akirudi nyuma atakumbuka kwamba kila jioni alikuwa akihesabu vichwa kabla ya kupakua.

(Bapa si tusi, lakini. Mlinzi anayefungua geti mara moja hatuhitaji kujua utoto wake.)

Kama unasimulia kwa nafsi ya kwanza, mwache ajidanganye. "Niliificha asije akapata presha bure" inamfichua kuliko aya nzima ya majuto.

Kovu libakize ukipenda. Ila sura ya kwanza iandike upya, umbane achague kabla ukurasa wa pili haujaisha, halafu iweke hapa tuisome.