Mkokoteni uko Kongo, ramani inasema Msimbazi

Mkuu, umeuliza kwa nini mtambo wako, unaopima umbali kwa muda ambao mawimbi ya redio hutumia kutoka kwenye mkokoteni hadi vipokezi (vifaa vya kuyanasa), unauonyesha mkokoteni ulio Mtaa wa Kongo kana kwamba uko Msimbazi. Maghorofa ya Kariakoo hayo! Mawimbi yanagonga ukuta kwanza ndipo yafike kwenye kipokezi, na njia ya kuzunguka siku zote ni ndefu kuliko iliyonyooka. Redio husafiri mita 300 hivi kwa mikrosekunde, hivyo yakichelewa sehemu ya kumi tu ya hiyo, umbali umeongezeka mita 30. Wastani wa vipimo vingi haukuokoi, kosa lote linaelemea upande mmoja, wa kurefusha umbali. Ukijua ukuta ulipo, chora kivuli cha kipokezi nyuma yake, kama kwenye kioo, upime kutoka hapo. Hujui? Ongeza vipokezi, kinachopingana na wenzake kipunguzie uzito. Vitatu ni vichache mno kumtambua anayekosea, anza na vitano.