Kwani wenye kifafa wanawekewa nyaya kwenye ubongo ili wafanyiwe utafiti?

SWALI: Habari zenu. Nimesoma kuna wagonjwa wa kifafa wanatobolewa fuvu wanaingizwa nyaya kwenye ubongo, halafu watafiti wanawafanyia majaribio wakiwa macho kabisa. Hivi hawaumii? Mi naona wanaonewa tu.

JIBU: Hofu yako naielewa ndugu yangu, ila nyaya hizo zinawekwa kwa ajili ya matibabu, utafiti unadandia tu. Kama theluthi moja ya wenye kifafa dawa haziwatulizi, na baadhi yao wanasaidika wakiondolewa kile kipande cha ubongo kinachoanzisha tatizo. Sasa kama MRI (mashine ya kupiga picha ndani ya ubongo) na EEG ya juu ya kichwa (kipimo cha umeme wa ubongo) hazijaonyesha vizuri ni wapi, ndo daktari anapitisha elektrodi, ndo hizo nyaya zenyewe, nyembamba kama tambi kwenye vitundu vya milimita chache, mgonjwa anakaa wodini wiki moja au mbili, dawa zinapunguzwa makusudi, kamera inamwangalia usiku na mchana, wote wanasubiri kifafa kimshike ili waone umeme umeanza kuvurugika wapi. Kuwekewa ni kwa nusukaputi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu, kinachouma baadaye ni kidonda na kichwa. Damu kuvuja au infeksheni hutokea kwa wachache, lakini hutokea, lazima aambiwe.

Kinachowavuta watafiti ni kwamba MRI inayopima ubongo ukifanya kazi inafuata mtiririko wa damu, inachelewa sekunde kadhaa, ila elektrodi inanasa umeme wenyewe papo hapo, na vile vinyaya vidogo zaidi vinanasa hadi seli moja! Mwaka 2005 watafiti wa ubongo kina Rodrigo Quian Quiroga na Itzhak Fried walitangaza walichokiona kwa wagonjwa wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles Marekani, walioonyeshwa picha kwenye laptop: seli moja iliitika picha tofauti tofauti za mwigizaji Jennifer Aniston, nyingine ikamwitikia mwigizaji Halle Berry hata pakiwa na jina lake tu limeandikwa. Kitu kama hicho huwezi kukiona kwa kupima juu ya kichwa, na mtu mzima wa afya nani atamtoboa fuvu kwa udadisi?

Mahali pa kuweka elektrodi panaamuliwa na ugonjwa, mtafiti akitaka isogezwe kwa faida yake, hapo hata mi nitasema ni uonevu. Mgonjwa anaombwa ridhaa kivyake kwa ajili ya utafiti, na hata katikati ya zoezi akisema nimechoka, laptop inafungwa na matibabu yake yanaendelea vilevile.