Tofali Lililonimomonyokea Mikononi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Sengerema aliniandikia akiuliza kwa nini matofali yake ya bakteria, yaani ya mchanga unaogandishwa na vijidudu badala ya simenti, yanakuwa magumu juu na kubaki mchanga mtupu chini. Ujumbe wake uliniuma, kwa sababu tofali la namna hiyohiyo lilinimomonyokea mikononi mbele ya wageni waliokuja Nyegezi kuamua kama kazi yangu inastahili kusaidiwa. Mmoja wao alikung'uta mchanga kwenye suruali yake, akaniambia nirudi kwenye simenti kama mafundi wenzangu. Maneno hayo sijayasahau hadi leo.

Simenti ya kawaida huchomwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450, na viwanda vyake hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayosababishwa na binadamu. Bakteria aitwaye Sporosarcina pasteurii hahitaji tanuri: huivunja urea ikawa amonia na kaboneti, na kaboneti hiyo ikikutana na kalsiamu hufanya fuwele za chokaa zinazoshikamanisha punje za mchanga. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walitengeneza tofali hivyo kwa urea ya mkojo wa watu. Mimi nilinunua urea kwenye duka la pembejeo, na kalsiamu niliipata kwa kuyeyusha katika siki maganda ya mayai niliyokusanya kwa wauza chipsi wa Kirumba.

Kosa langu lilikuwa haraka. Nilichanganya kila kitu katika ndoo moja nikamimina kwa mkupuo, fuwele zikajiunda juu na kuziba mianya yote, maji yasifike chini tena. Siku hizi naosha mchanga mpaka udongo wote utoke, namimina bakteria peke yao, nawaacha usiku kucha washike punje, ndipo naongeza maji ya urea na kalsiamu kidogo kidogo, asubuhi na jioni, kwa juma zima. Usiharakishe, mdogo wangu. Hata mfadhili akikupigia simu kila siku, usiharakishe.

Kuna jambo jingine linalonisuta zaidi. Maji yanayochuruzika chini ya kalibu yamejaa amonia, nami miezi ya mwanzo niliyamwaga mtaroni, na mitaro yetu huishia ziwani, ambako naitrojeni ndiyo chakula cha magugu maji. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria na kuona mitumbwi ikikwama katika magugu hayo hatuna ruhusa ya kuliita tofali rafiki wa mazingira huku tukiyalisha. Kabla hujatafuta mteja, tafuta madumu yenye vifuniko ya kukingia maji hayo.

Matofali 12 ya kwanza yaliyotoka mazima nimeyajengea ukingo wa bustani nyumbani, na mvua za masika zimeyapita bila kuyadhuru. Ukuta wa kubeba paa sitamjengea mtu yeyote mpaka yapimwe nguvu kwenye mashine.