Paja linanivuta kila mechi ikianza

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni winga, timu ya mtaa hapa Nakuru. Kabla ya mechi tunakaa chini tunajinyoosha, lakini nikichomoka mara ya kwanza tu, paja linanivuta kwa nyuma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Huko kukaa chini sikupendi kabisa. Msuli baridi ukiuvuta na kuushikilia zaidi ya dakika moja, unapunguza nguvu za kuchomoka. Nakuru nayo, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, baridi yake ya asubuhi unaijua. Usivue traksuti mapema.

Kimbia polepole hadi kijasho kitoke, rusha miguu mbele na nyuma, kisha ongeza kasi kidogo kidogo.

Dawa yenyewe iko mazoezini, ndani ya FIFA 11+, mpango wa dakika 20 wa kupasha mwili moto na kuzuia majeraha ya wachezaji. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, ujishushe mbele polepole bila kukunja kiuno. Paja likishindwa, jidake kwa mikono. Anza na mara 3 hadi 5. Kesho yake utachechemea, kwa hivyo siku ya mechi zoezi hili usiliguse.

Kama hata kutembea kunauma, muone mtaalamu wa fiziotherapia kwanza.