Kusema kwa Kiingereza kwamba umeanguka na umeinuka

Mwanafunzi wa Kiingereza hukariri misemo mingi ya kuinuka baada ya pigo, kisha siku ya kuitumia anakwama. Maana huwa anaijua. Kinachomkwamisha ni kile kineno kidogo kinachofuata, na kutojua msemo upi unafaa pigo lipi.

Anza na "recover", kwani ndilo utakalolihitaji zaidi. Aliyepona malaria husema "I have recovered from malaria". Hiyo "from" usiiache. Ukitaja kitu moja kwa moja bila "from", "recover" ni kukipata tena kilichopotea: "We recovered the money" maana yake fedha zimerudi mkononi. "We recovered from the loss" maana yake hasara ilitupiga lakini tumesimama tena, hata kama senti moja haikurudi. Kwa hiyo "I recovered malaria" haisemi kwamba umepona.

Angalia na wakati wa kitenzi. "I am recovering" ni naendelea kupata nafuu. "I have recovered" ni nimepona. Ukimwandikia bosi ukiwa umelazwa, tofauti hiyo ndiyo itakayomwambia kama akutegemee kesho au atafute wa kukushikia zamu.

"Get over" hutumika kwa ugonjwa mwepesi kama mafua, na kwa maumivu ya moyo: "It took her months to get over the disappointment". Kinachotajwa hukaa baada ya "over" daima, hata kikiwa "it". Lakini chunga sana hapa. "Get over it!" ukimtupia mtu ni ukali, sawa na kumwambia yamepita, acha kulalamika. Mfiwa asiisikie kabisa kutoka kwako. Yeye mwambie "I'm very sorry for your loss", na mgonjwa mwambie "I wish you a quick recovery". Wengi wetu hugeuza kila "pole" kuwa "sorry". Nairobi au Dar es Salaam utaeleweka, ila Mwingereza aliyejikwaa anaweza kukujibu "It's not your fault", kwa kuwa amesikia ukiomba radhi. Muulize "Are you all right?", inatosha.

"Bounce back" ina picha ya mpira unaodunda, kwa hiyo ndani yake mna kasi. Inafaa timu iliyofungwa Jumamosi ikashinda mechi iliyofuata, au mwanafunzi aliyefeli muhula mmoja tu: "She bounced back from a poor first term". Aliyeugua miaka miwili akapona polepole, au aliyefilisika akajikusanya kidogo kidogo, yuko "back on his feet". Hiyo "his" hubadilika kufuata mwenyewe: my, your, her, their.

"Setback", yaani pigo linalokurudisha nyuma, ikiwa nomino ni neno moja, na huhesabika: "a setback", "two setbacks". Kitenzi ni maneno mawili: "The rains set us back two weeks", yaani mvua zilituchelewesha wiki mbili. "Back to square one" huchanganywa na misemo hii, lakini haina kuinuka ndani yake. Ni kurudi mwanzo kabisa.

Kwenye usaili wa kazi unaweza kuulizwa kuhusu pigo ulilowahi kupata na ulivyolishughulikia. Sentensi chache zinatosha: kilichotokea, ulichofanya, matokeo. "We lost our biggest customer. I visited twenty smaller shops and offered weekly deliveries. Within six months, sales had recovered." Ni "had recovered" kwa sababu mauzo yalikuwa yamesharudi kabla ya miezi hiyo kwisha. Ukitaka kuongeza ulichojifunza, usiseme "I was taught a lesson" ukidhani ni "nilipata funzo". Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba uliadhibiwa. Sema "I learned to", kisha utaje kitendo chenyewe: "I learned to check our orders every Friday".